Nani Kakwambia Mimi Mdhamini?

Msyuuu! Hivi jamani, tangu lini mtu akawa mdhamini bila kuulizwa? Udhamini tunaoujua sisi una adabu zake. Unaitwa, unavutiwa kiti, unafunguliwa soda, unaelezwa fulani anakopa kiasi gani na atarudisha lini, ndipo unaweka saini na mjumbe akishuhudia. Siku hizi unaamka, hata uso hujanawa, simu inatetemeka: mwambie fulani alipe deni leo, amekuweka mdhamini wake, akikaidi tutamtangaza kuwa tapeli. Huyo fulani mwenyewe ni mama wa genge. Namba zenu mlipeana kwa sababu siku moja ulimwomba akuwekee fungu la dagaa mpaka utoke kazini. Basi! Dagaa wa buku ndio waliokutia kwenye udhamini.

Juzi ujumbe wa namna hiyo ulitukuta kijiwe kizima. Fundi simu kaupata. Muuza kahawa kaupata. Mwalimu mstaafu kaupata mara mbili, maana ana laini mbili na mama wa genge alikuwa nazo zote. Ila aliyechangamka kuliko wote ni kijana wetu wa bodaboda, ambaye kabla hajawasha pikipiki alishausukumia kwenye grupu la mtaa, lile lile la michango ya misiba, na alama za kucheka mpaka machozi juu yake. Mume wa mama wa genge yumo kwenye grupu hilo. Wifi zake wamo. Mwalimu wa madrasa wa mtoto wake yumo. Kijana kaja kijiweni, kaagiza kahawa, kakaa anasubiri tucheke naye.

Aka! Mdai nitamfikia, sijamsahau. Lakini huyu wa kwetu kwanza... au hapana, tuanze na mkopo wenyewe, maana wapo humu mnaodhani ni neema.

Mkopeshaji wa zamani, kausha damu, alikuwa na sura. Ulimjua, alikujua, akija alikuja na kijana wake wa misuli, akabeba runinga yako mtaa ukitazama, yakaisha. Wa kwenye simu hana sura wala mlango wa kwenda kugonga ukaomba uongezewe siku. Mama kaomba 50,000, iliyoingia ni 35,000. Nyingine zimekatwa zikaitwa gharama za huduma, huduma gani hakuna ajuaye. Baada ya siku saba anadaiwa 50,000 yake kamili na riba juu, kila siku ya kuchelewa ina faini yake. Nyanya gani hizo zinazozaa faida hiyo ndani ya wiki moja?

Na jeuri yote ya huyu mdai haitoki kwenye mkataba. Inatoka kwenye maswali ya siku ya kwanza, programu ilipofunguliwa: niruhusu nione majina yaliyomo simuni? Niruhusu nisome ujumbe wako? Niruhusu picha? Mtu mtaji umekata, mtoto karudishwa nyumbani kwa mchango wa shule, kidole kinabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu. Hasomi. Asome nini, na masharti yenyewe ni Kiingereza cha mawakili?

Fundi simu akadakia. "Watu wananiletea simu hapa, majina waliyoandikana nacheka peke yangu. Mama Mkwe. Bosi Mpya. Shemeji wa Mwanza. Usipokee. Mdai akishaona Mama Mkwe, haulizi tena aanze na nani."

Tukamwangalia. Mwalimu akamuuliza kwa upole wake ule wa kushika sikio: "Na wewe, mwanangu, mtu kakuletea simu ubadilishe kioo, kwenye majina unafuata nini?" Fundi akaona bisibisi imedondoka chini ya meza, akaitafuta kwa muda mrefu kidogo.

Sasa hapo pana neno. Namba yangu nilikupa wewe. Sikumpa mkopeshaji wako. Ukibonyeza ruhusu unadhani umetoa siri zako, kumbe umemtoa shangazi yako wa Tanga, daktari wako, mwenye nyumba wako, na mimi niliyetaka dagaa tu. Watu mia tatu umewatia kwenye deni ambalo hawakuonja hata senti yake, na wewe mwenyewe hukujua. Simlaumu mama wa genge, alibanwa. Nawalaumu waliotengeneza kitu wakijua fika kwamba mtu aliyebanwa hatasoma.

Mwalimu, ambaye hana haraka na jambo, akatukumbusha kuwa nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Taarifa ya mtu ikikusanywa kwa kazi moja haiendi kufanya kazi nyingine. Benki Kuu nayo, Novemba 2024, ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Hata Google walishastuka: tangu Mei 31, 2023 programu ya mikopo iliyo kwenye duka lao hairuhusiwi kugusa majina wala picha za mteja.

"Sasa ya mama ilipitaje?" kijana wa bodaboda akauliza.

Haikupita dukani. Mama alitumiwa kiungo kwenye WhatsApp na jirani aliyeahidiwa kamisheni kwa kila kichwa. Alibonyeza, simu ikamwonya kuwa kitu hiki hakijulikani kilikotoka, akaruhusu na hicho. Mlango wa mbele una askari, sisi tunaingia dirishani, tena tunashikiana ngazi.

Wenzetu wa Kenya wametangulia kuumizana. Wana sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliwapiga faini watatu kwa mkupuo. Kampuni ya mikopo ya simu, shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kuwasumbua watu ambao majina na namba zao ilizipata kwa watu wengine. Shule, 4,550,000, kwa kubandika picha za watoto mtandaoni bila wazazi kuridhia. Na baa, 1,850,000, kwa kurusha picha ya mteja aliyekuja kustarehe, bila ridhaa yake.

"Picha ya mtu anakunywa? Milioni na laki nane?"

"Za Kenya hizo," Mwalimu akasema. "Zibadilishe kwanza ndipo ushangae."

Kimya kikapita, kila mtu akikumbuka alichowahi kukirusha. Wapo humu waliosambaza video za moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu wakiwa bado wanaungua, ndugu zao hawajajua nani kafa nani yuko hospitali. Mtu anajua kwamba kafiwa kupitia stetasi ya jirani. Hilo tuliache, halina mjadala mzuri asubuhi.

Turudi kwa kijana wa bodaboda, ambaye sasa anajitetea. "Mimi sikuandika, nimefowadi tu."

Nimefowadi tu! Msyuuu. Hili ndilo neno linalonikera kuliko kausha damu mwenyewe. Hivi mnafikiri mdai alitaka nini? Hana dalali wa mahakama, hana polisi, hana hata leseni. Alicho nacho ni midomo yetu. Ametuma ujumbe kwa watu mia tatu akijua wengi watanyamaza, ila wawili watatu wa aina yako watamfanyia kazi yake bure, kwa bando lao wenyewe. Ujumbe wake ukiishia kwenye simu ya kila mmoja wetu ni kelele tu. Ukiingia kwenye grupu la misiba ndipo unakuwa fimbo. Wewe ndiye uliyeshika fimbo, dogo, na hata elfu moja hujalipwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ipo. Anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa mtu moyoni, faini yake haipungui milioni tano, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Mwalimu alipoitaja, kijana akatoa simu mfukoni kana kwamba imeanza kuunguza paja.

Muuza kahawa hakukubaliana nasi, na mimi simlaumu kwa hilo. "Dawa ya deni ni kulipa," akasema. "Mnamtetea mdaiwa kwa sababu hamjawahi kudai. Mimi hapa watu wananikwepa kwa sababu ya vikombe vya mia mbili."

Kweli tupu. Mama anadaiwa, hakuna aliyesema asilipe. Lakini hebu mtazame huyo huyo muuza kahawa anavyodai. Ana kidaftari chake cha shule, jalada limelowa kahawa mpaka limekuwa gumu, kila mteja na mistari yake. Ukitaka kujua deni lako anakufunulia ukurasa wako na ukurasa wa pili ameufunika kwa kiganja. Ukichelewa anakufuata anakunong'oneza. Sijawahi kumsikia akisoma madeni ya watu kwa sauti, na siku akifanya hivyo atakunywa birika lake mwenyewe. Anadai miaka yote hiyo, hajawahi kumpigia mama mkwe wa mtu.

"Futa," tukamwambia kijana. Akabonyeza futa kwa wote. Ukafutika. Dakika haijaisha, mtu mwingine wa grupu akaubandika upya, umepigwa picha ya skrini, na swali juu yake: mmefuta nini, mbona tulishaona? Ikabidi kijana afanye ambalo lingekuwa rahisi zaidi kama angelifanya mwanzo, yaani kurekodi sauti: "Jamani, ule ujumbe nimeuleta mimi, ni wa watu wa mikopo wasio na leseni, sisi wote tumetumiwa, mama hajatapeli mtu, naomba tusiusambaze." Sauti ilitetemeka mahali fulani katikati. Mwenyekiti wa grupu akafunga mjadala. Genge siku hiyo halikufunguliwa, la kesho yake lilichelewa, na nyanya zilizolala zilikuwa zimeanza kulainika. Aliyekuwa wa kwanza kununua ni yeye kijana, sado nzima, na hana hata mke wa kumpikia.

Fundi simu, labda kwa sababu ya bisibisi ile, akajitolea kutuangalizia simu zetu bure ni programu gani zimeruhusiwa nini. Mipangilio, programu, ruhusa, majina. Tukapangana foleni kama wa chanjo. Kwa Mwalimu zilikutwa mbili tatu zisizo na kazi. Kwa kijana wa bodaboda tukakuta kumi na mbili, mojawapo ikiwa tochi.

"Tochi?" Mwalimu akavua miwani. "Tochi inataka majina ya ndugu zako iyafanyie nini, iwamulike?"

Ikazimwa. Akazimiwa na mchezo wa kuteleza na treni, programu ya mikeka iliyokuwa ikitaka kusoma ujumbe, na nyingine ya nyota za bahati ambayo alikana kuwa aliiweka yeye. Muuza kahawa naye akatoa simu yake kutoka kwenye koti, akaifuta kwa kanga ya birika, akaikabidhi kwa heshima zote. Fundi akaigeuza huku na huku. Ni kitochi, kile cha vitufe, chaji ya wiki.

"Mzee, hiki hakina cha kuzima," akamwambia, "labda hiyo tochi."

"Basi iache," muuza kahawa akasema, "hiyo naitumia kuhesabia chenji alfajiri."