Mhadhara wa Bingwa wa Milima Inayotembea

Mabibi na mabwana, wanazuoni mliojaaliwa kunisikiliza, nawe kijana unayesinzia karibu na feni: kaeni sawasawa. Elimu hii ya kutazama maporomoko ya ardhi kutoka angani ilikuwa yatima. Nikailea.

Naanza na bwawa la umeme la Vajont, Italia, ambako sijawahi kufika, na ndiyo maana sina upendeleo. Ukuta wake una mita 261. Wahandisi walijua fika kwamba Mlima Toc, unaolielekea ziwa, unatembea: mwaka 1960 ufa wa kama kilomita 2 ulijichora ubavuni mwake. Wakaupima kwa bidii. Wakaona maji yakipandishwa mlima unakaza mwendo, yakishushwa unapoa, wakaamini wameshika usukani. Kufikia Oktoba 9, 1963, ulikuwa unakwenda sentimita 20 na zaidi kwa siku. Usiku huo zaidi ya mita za ujazo milioni 250 zikatumbukia ziwani kwa mkupuo, wimbi likaruka ukuta, na watu karibu 2,000 wa Longarone na vijiji jirani wakafa. Ukuta haukubomoka. Saruji safi sana ile.

Maskini, hawakuwa na setilaiti! Leo Sentinel-1, kutoka kilomita 693 juu, hupiga rada ya wimbi la sentimita 5.6 na kurudi palepale kila baada ya siku 12. Giza hailijui, mawingu haiyajui. Unachukua picha mbili, unalinganisha wimbi lilivyorudi mara ya kwanza na ya pili. Mteremko ukiisogelea setilaiti kwa sentimita 2.8 tu, unapata mkanda mzima wa rangi. Wachina huyachungulia hivyo makorongo ya Three Gorges, ambako ziwa hupanda hadi mita 175 na kushuka hadi 145 kila mwaka. Hatari iko kwenye kushuka pia: ziwa linatoka haraka, maji yaliyonywewa na udongo yanabaki ndani, yanausukuma mteremko nje.

Nasikia swali huko nyuma. Mlima ukielekea kaskazini? Uchokozi huo, bwana. Ni kweli setilaiti hupita toka ncha hadi ncha ya dunia ikitazama ubavuni, hivyo mwendo wa kaskazini na kusini huuona kwa shida. Milima yenye adabu huporomokea mashariki au magharibi. Toc uliporomokea kaskazini; sasa mnaujua ulikuwa mlima wa namna gani.

Na ukienda sentimita 20 kwa siku? Kwa siku 12 hizo ni mita 2 na ushei. Rangi zinavurugika, picha haisomeki. Mlima ungoje zamu yake.

Ndiyo, mama, uliza. Nani huwaambia wanaolala chini ya bwawa? Hilo si la angani, lipelekwe idara inayohusika. Picha za Sentinel ni za bure, yeyote anapakua. Kinacholipiwa ni mhadhara huu, na karani yuko mlangoni.