Pampu Imekosa Tafadhali

(Nyumba moja huko Goba, Dar es Salaam. Umeme ulikatika jana saa tatu usiku, umerudi leo saa saba mchana, intaneti bado. Taa zote za nje zinawaka juani. Wanaozungumza ni KOMPYUTA, yaani kiboksi cha Raspberry Pi kilichowekwa juu ya friji. Mita ya LUKU. MJUSI wa ukutani. Na BOYA wa simtanki la chini, ambaye sauti yake inapanda na bomba.)

KOMPYUTA: Habari za usiku, jamani.

MJUSI: Usiku gani? Bati linanichoma tumbo!

KOMPYUTA: Mimi najua ni saa tatu usiku. Taa za nje nimewasha, pampu nimeizuia isisumbue majirani. Ndivyo Bwana alivyoniandika.

LUKU: Zimebaki uniti nne, na wewe unalimulikia jua.

BOYA: Msimlaumu mtoto, hakupewa saa. Raspberry Pi za kabla ya ile ya 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Zikiamka huuliza intaneti. Intaneti isipokuwepo, hushika saa ya mwisho iliyoandikwa kwenye memori kadi. Dawa yake ni kisaa kidogo chenye betri ya kidonge. Waliotangulia walishaumia, wakaandika, wakaeleza mpaka wakachoka. Ila Bwana husoma kilichoandikwa na Bwana.

KOMPYUTA: Shikamoo babu, lakini hapo nyamaza. Wewe ni boya tu.

BOYA: Marahaba. Boya ndiyo mimi, hujakosea. Maji ya DAWASA yakija nafungua, tangi likijaa nafunga. Ukoo wetu ni wa zamani: Ktesibios wa Iskandaria alitia boya kwenye saa yake ya maji karne ya 3 kabla ya Kristo. Tangu hapo hakuna aliyeniletea toleo jipya. Tangi langu limejaa pomoni. La juu, unalotawala wewe, limekauka, na Mama yuko bafuni na sabuni machoni.

MJUSI: Ametoka na kanga moja, anatafuta swichi ya pampu.

LUKU: Ataipata wapi? Bwana alizing'oa zote Ramadhani iliyopita, akaziba matundu kwa plasta. Akasema swichi ni ushamba.

KOMPYUTA: Mlitaka afanyeje? Anunue vya dukani?

BOYA: Vya dukani navyo vina mambo yake. Marekani kiliuzwa kiboksi kiitwacho Revolv, dola 300. Kampuni yake ikanunuliwa na Nest, na Mei 2016 seva zikazimwa. Waliokinunua wakabaki na pambo la kabati. Hayo siyasifii. Nasema kuna programu za bure zinazokaa humuhumu ndani, hazimtegemei tajiri wa ng'ambo: Home Assistant, openHAB iliyoanza 2010, Domoticz. Angechukua moja, akaandika kile tu kinachopungua.

KOMPYUTA: Na huyo Paulus Schoutsen wa Home Assistant, si naye alianza mwaka 2013 kwa kujiandikia taa za nyumbani kwake? Mbona yeye hamkumzomea?

BOYA: Hapo umeuliza. Yeye aliandika, kisha akaacha mlango wazi, na maelfu wakaingia na spana zao. Programu yako ina fundi mmoja, na fundi mwenyewe yuko Morogoro harusini.

LUKU: Mimi namba zangu ni tarakimu 20, kwa kanuni ya STS iliyoanzia Afrika Kusini. Mita za Kenya nazo zinafuata hiyohiyo. Angenibuni Bwana, mngekuwa mnaingiza tarakimu 47, na Ijumaa angezibadilisha.

MJUSI: Mwenzenu nimeishi nyuma ya rilei, mniulize mimi. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper walitunga MQTT ili vifaa vya mabomba ya mafuta vipashane habari kwa setilaiti. Leo ni bure, na hata kiboksi hiki kinaiweza. Bwana akasema hapana, akatunga lugha yake. Kuwasha pampu lazima itumwe PAMPU#WASHA#TAFADHALI. Isipokuwepo tafadhali, rilei hailii.

LUKU: Adabu njema hiyo.

MJUSI: Mwezi uliopita akaifupisha ikawa TFDH, eti ujumbe uwe mwepesi. Pampu hakuiambia. Ikakaa siku mbili ikingoja heshima yake.

LUKU: Na taa ya choo?

MJUSI: Hiyo ilifungwa kwanza, kwa hiyo ni mkubwa wao. Inataka shikamoo. Usiku mtu amebanwa, ruta inatafuta mtandao, shikamoo haijafika.

KOMPYUTA: Lakini Bwana amejifunza mengi!

BOYA: Kujifunza sikatai. Ajifunze kwa taa ya mezani kwake, usiku, peke yake, akiunguza ni yake. Siyo kwa maji ya kuoga ya watu sita! Bibi alikuja kutoka Tanga akapapasa ukuta mzima gizani kama mwizi, akalala na tochi. Na mjini wako wengi wa namna hii. Kaulize ofisi ngapi zina mfumo uliotungwa na kijana mmoja aliyeshaacha kazi, wala hakuna ajuaye nywila yake. Huo si ubunifu, ni ubinafsi! Unataka nyumba nzima ikuombe ruhusa ya kuwasha balbu, halafu unaita maendeleo.

MJUSI: Shh. Mama amempigia, ameweka spika.

SAUTI YA BWANA: (ngoma nyuma yake) Chukua laptopu. Andika sudo. S, u, d, o. Acha nafasi. Sasa systemctl...

SAUTI YA MAMA: Baba watoto, vidole vina sabuni.

SAUTI YA BWANA: Pangusa kwanza. Systemctl, nafasi, restart, nafasi, pampu, kistari cha chini, mpya, kistari cha chini, mpya mbili.

SAUTI YA MAMA: Inasema haipo.

SAUTI YA BWANA: Basi ni mpya tatu.

LUKU: Uniti tatu.

MJUSI: Mama amefunga laptopu. Anamwita dada alete ndoo wachote tangi la chini.

BOYA: Karibuni.

SAUTI YA BWANA: Haloo? Usiguse kitu! Nimeshajua tatizo, ni Python. Nikirudi naandika yote upya kwa Rust.

SAUTI YA MAMA: Na pampu?

SAUTI YA BWANA: Pampu itakuwemo toleo la pili.