Betri za Rimoti

Katika sekondari moja upande wa Dongobesh, wilayani Mbulu, mwalimu wa hisabati alimiliki kikokotoo kinachochora grafu, TI-83 Plus. Alipewa na mwanafunzi wa udaktari kutoka Norwei aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo Haydom. Wanorwei walianzisha hospitali pale mwaka 1955, kwa hiyo vitu vya kigeni kuzagaa maeneo hayo si ajabu. Ajabu ni kwamba mashine yenyewe haina kazi kwenye mtihani: NECTA huruhusu kidato cha sita waingie na vikokotoo visivyopokea programu tu.

Mwalimu hakujali. Alichora y = sin x, darasa zima likapanga foleni kutazama kioo kisichozidi kiberiti. Jioni alijumlishia alama.

Mashine hiyo hula betri nne za AAA, yaani za rimoti, pamoja na kidonge kimoja cha kulinda kumbukumbu wakati hizo nne zinapobadilishwa. Za rimoti alizonunua mnadani zilikuwa na jina la kampuni kubwa, herufi moja ikiwa imekosewa. Wiki haikuisha, kioo kikajaa mistari na kitufe cha ON kikawa pambo. Kidonge nacho, kumbe, kilishakata roho zamani.

"Kikokotoo kimeharibika," alitangaza ofisini.

"Kwani kiliwahi kuwa kizuri?" alidakia mwenzake aliyekaribia kustaafu. Tangu Julai 2022, kikokotoo cha mafao ya kustaafu kilipoweka mkupuo kuwa asilimia 33, mzee huyo hana mazungumzo mengine. Mashine ilisubiri hadi kengele ikalia.

Mwalimu alipokwenda Katesh kwa shughuli zake, alimpitia fundi simu. Fundi aliigeuza, akauliza laini inaingilia wapi. Akaisugua kwa mswaki uliochovywa petroli, akaipuliza kwa mdomo, akatoa hukumu: "Mwalimu, hii inataka kuflashiwa."

Hakuwa mbali sana na ukweli. Kifaa hicho kina ghala mbili. RAM humpa mtumiaji kilobaiti 24 hivi, nayo hufutika umeme ukikatika. Ya pili ni ya flashi, kilobaiti 160, na humo vitu hubaki hata betri zote zikitolewa. Inayovurugika mara nyingi ni RAM.

Dawa aliijua kijana wa kidato cha tano. Toa betri moja, bonyeza CLEAR bila kuachia, rudisha betri, kisha washa. Ukikosea ukashika DEL, mashine itadai iwekewe mfumo upya kwa waya kutoka kwenye kompyuta, na waya ulibaki Norwei.

Wakafanya hivyo. Kioo kikawa cheupe pe. Mwalimu alishaanza kumlaumu kijana wa watu, lakini yeye akabonyeza 2nd, akashikilia mshale wa juu. Kumbe weusi wa maandishi tu ndio ulioshuka. Yakajitokeza taratibu: RAM Cleared.

Kesho yake sine ya 30 ilitoka −0.988, maana TI ikifutwa hurudi kwenye radiani. Darasa linalojua kwa moyo kwamba jibu ni nusu lilicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Mchezo wa nyoka, ambao kijana alikuwa ameuficha kwenye flashi, ulikutwa mzima. Ndipo ilipojulikana utaalamu wake aliupatia wapi. Alama za kidato cha tatu, zilizokuwa kwenye orodha ya L1 ndani ya RAM, hazikuonekana tena. Karatasi zilishagawiwa, na nyingi zilishafungia karanga. Ikabidi mwalimu aite majina, kila mtu ataje alama zake mwenyewe. Aliyepata 34 alikumbuka 43, wa 19 akaapa ni 91, na mashine ilipopiga hesabu upya, kidato cha tatu kilitoa wastani ambao shule hiyo haijawahi kuuona.