Kengele Inalia, Imezimika

Saa nane za usiku, mwezi wa Januari, nilikuwa nimesimama nje ya bweni mjini Leeds na nguo za kulalia, kandambili, na shuka la Kimasai nililofungashiwa na mama. Kengele ya moto ilikuwa inalia ndani kama imekanyagwa mkia. Mwenzetu mmoja alikuwa ameunguza mkate, basi bweni zima limetolewa kwenye baridi. Mlinzi akaja mbio na tochi yake, akaangaza huku na huku, akanifuata mimi. Nadhani ni lile shuka. Alidhani ndimi mzee wa eneo.

"Did the alarm go off?" akauliza.

Mimi Kiingereza nimekisoma. "Off" naijua tangu utoto: ndiyo ule upande wa swichi wa kuzimia. Kwa hiyo mzee huyu ananiuliza kama kengele imezimika, wakati kengele yenyewe inatutoboa masikio wote wawili. Nikamhurumia, nikajua hasikii vizuri. Nikamjibu kwa sauti kubwa, kwa adabu: "No, sir! It is still on!"

Akanitazama. Akalitazama bweni. Akarudia swali polepole, neno moja moja, na mimi nikarudia jibu polepole, neno moja moja. Tukaachana hapo, kila mmoja akimwombea mwenzake apone. Kesho yake nikaitwa ofisini nieleze kwa nini nilimwambia mlinzi kwamba kengele haikulia, na watu wote wale walitolewa vitandani.

Kumbe kengele iki-go off, imelia. Taa iki-go off, imezimika. Bomu liki-go off, limelipuka. Maziwa yaki-go off, yamechacha. Na mchumba aki-go off you, ujue amekuchoka, hakuna kengele wala nini.

Kosa hili siwezi kulibeba peke yangu. Sisi wa Tanzania tunasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu tunaamka Kidato cha Kwanza kila kitu ni Kiingereza, hata mmeng'enyo wa chakula. Tukakesha tukikariri maneno mazito mazito, kwa kuwa ndiyo yanayoheshimika kwenye mtihani: "postpone", "extinguish", "tolerate". Nilifika Uingereza nimeyabeba kama mahari. Sikumkuta hata mtu mmoja anayeyataka. Mwingereza akiwa kwake jikoni anachukua kitenzi kidogo cha mtoto wa chekechea, "put", anakipachika mkia. "Put off" ni kuahirisha. "Put out" ni kuzima moto. "Put up with" ni kuvumilia. Mimi nikisema "postpone", walinisikiliza kama vile nasoma hotuba ya bajeti.

Nikaamua kujifunza mikia. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Krismasi familia moja ilinialika. Baba mwenye nyumba alinipigia simu: "We can put you up for a week." Nikatafuta kwenye kamusi: ni kumpa mgeni malazi. Vizuri, nikauandika kwenye daftari. Nilipofika, nikamwomba radhi mama mwenye nyumba kwa usumbufu, naye akasema, "You're not putting us out at all." Huu mkia nilishaufanyia kazi baada ya yale ya kengele: kuzima. Mama ananiambia kwamba siwazimi hata kidogo. Nikashukuru, nikasogea mbali na mahali pa kuotea moto, nisije nikamwangusha.

Mezani, baba alimwaga supu kwenye kitambaa kipya. Akacheka, akanigeukia: "I don't know how she puts up with me."

Nikafungua daftari kichwani. "Put up": kumpa mgeni malazi. Ahaa! Kumbe huyu mzee naye ni mgeni humu ndani, kapewa chumba kama mimi. Nikamwonea huruma, mgeni kwa mgeni. Nikamuuliza, "Na wewe unaondoka lini?"

Mama akaweka kijiko chini. "Nimemuuliza hivyo hivyo miaka thelathini," akasema.

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alikiri kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi hivi vyenye mikia ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine chochote katika lugha hiyo. Alijua mapema kabisa. Mbona hakuna aliyeniambia uwanja wa ndege?

Jioni nilikuwa na kibarua cha kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja. Mpishi, kijana mpole, akaniambia siku moja huku anakata vitunguu: "I ran into the manager on Saturday."

Nikaiacha sahani ndani ya povu. Kamgonga meneja! "Ameumia?" nikauliza.

"Hapana, yuko vizuri tu. Kapungua kidogo."

"Polisi walikuja?"

"Polisi wa nini?"

Nikaona anataka yaishe kimyakimya, nikamstahi. Lakini kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Jumatatu nikampelekea meneja machungwa sita, nikampa pole, nikamwambia amsamehe kijana, ajali haina kinga. Meneja akayapokea. Mpaka leo sijui alielewa nini, ila alinipunguzia zamu za usiku.

Mpishi alipojua kwamba nilidhani kamgonga meneja, kumbe alikutana naye tu, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema sasa ni zamu yake. Nimfundishe Kiswahili, anataka kwenda Zanzibar. Nikafurahi. Nikamwambia lugha yetu imenyooka, haina ujanja ujanja wa mikia. Wiki ya pili akaja na orodha na uso umekunjamana. Kwa nini, akauliza, Waswahili wanapiga kila kitu? Simu mnapiga. Pasi mnapiga. Mswaki, picha, magoti, kura, chafya, soga, deki, vyote mnapiga. Vimewakosea nini?

Sikuwa na jibu la maana. Nikajitetea kwamba angalau mikia yetu tunaishonea ndani ya neno lenyewe, haizururi nje: piga, pigia, pigana, pigisha. Ukimtaja mtu kwenye simu, nikamwonya, usisahau kale ka "i" kadogo hapo katikati. Ni kadogo sana, lakini kana kazi. Akaandika. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Mama yake anaishi Uskoti, peke yake, na kijana huyu humjulia hali kila Jumapili. Basi Jumatatu moja akaingia jikoni anang'aa, hana daftari mkononi, akanivutia pembeni ili anitolee sentensi yake ndefu ya kwanza.

"Ndugu," akasema, "jana usiku nimempiga mama yangu."

Nikaiacha sahani. "Ameumia?"

Akafikiri kidogo, akitafuta maneno.

"Hapana, mzima kabisa. Amefurahi sana. Jumapili nitampiga tena."