Faili Lipo, Jina Ndilo Lililopotea

Mtu aliyepotelewa na faili ndani ya kompyuta hukumbuka kila kitu kulihusu isipokuwa jina lake. Atakwambia liliandikwa siku ambayo umeme ulikatika mara mbili, kwamba lilikuwa na jedwali, kwamba jedwali lenyewe lilikataa kukaa katikati ya ukurasa, na kwamba binti aliyemchapia alikuwa na mafua. Muulize sasa, "Ulilipa jina gani?" Hapo atanyamaza. Kisha atanyoosha kidole, akigandamize kwenye kioo cha kompyuta yangu mpaka kiache alama, aseme, "Si lilikuwa hapa?"

Hapo anapopaonyesha ni kona ya chini, upande wa kushoto, kwenye mashine ambayo hajawahi kuitia macho tangu azaliwe.

Nina steshenari Ngamiani, mjini Tanga, mtaa ambao barabara zake zimepewa namba badala ya majina. Mgeni akiambiwa barabara ya kumi na mbili hana haja ya kuuliza. Anahesabu tu mpaka anafika. Huwa nafikiri waliozipanga barabara hizi wangefaa sana kupanga kompyuta za wateja wangu. Kazi zetu ni kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kupiga laminesheni na kupiga picha za pasipoti. Kazi kubwa kuliko hizo zote, ambayo haimo kwenye orodha ya bei, ni kutafuta.

Utafutaji wenyewe, kwa maelezo, ni rahisi kabisa. Ukifungua folda yoyote kwenye Windows, juu upande wa kulia kuna kisanduku chenye alama ya lenzi. Unakibofya, au unabonyeza Ctrl na F, unaandika jina, halafu unasubiri mstari wa kijani utambae kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari huo una tabia ya kukimbia mpaka karibu na mwisho, kisha kupumzika pale, wakati mteja anapumua shingoni mwako na boda boda aliyemleta anapiga honi nje.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kisanduku hicho hutafuta kuanzia pale uliposimama. Ukiwa ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa, kitatafuta humo na kwenye folda zilizo chini yake, basi. Faili likiwa kwenye folda ya jirani, kompyuta itakujibu bila aibu kwamba hakuna kitu cha namna hiyo. Jibu hilo watu hulipokea vibaya. Mama mmoja, mtu wa heshima zake, alipoona maneno hayo alivua miwani, akaifuta, akasoma tena, kisha akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba aliyelifuta faili anamjua, ni wifi yake, na kwamba alikuwa na dalili hizo tangu siku ya kwanza kuingia katika ukoo. Nikamwomba apishe kidogo. Nikarudi nyuma folda moja, nikatafuta upya, faili likaja. Mama akavaa miwani. Kuhusu wifi hakurudisha neno hata moja, maana hoja nyingine alizokuwa nazo dhidi yake, alisema, hazikuhitaji kompyuta.

Tuje kwenye majina yenyewe. Zamani za MS-DOS jina la faili lilikuwa na herufi nane tu, nukta, kisha herufi tatu za kuonyesha aina yake. Ukitaka kuandika mchango wa harusi ya Mwanaisha, ilibidi uubane mpaka usomeke kwa tabu hata na wewe mwenyewe. Mwaka 1995 ikaja Windows 95 na kuruhusu jina la hadi herufi 255. Herufi 255! Hiyo ni sentensi nzima ndefu, yenye mtenda, mtendwa, mahali na sababu. Binadamu alipopewa utajiri huo akaandika "Mpya". Kesho yake akaandika "Mpya mpya".

Na hili linanisikitisha kwa sababu sisi si watu wa kubahatisha majina. Mtoto wa Ijumaa aliitwa Juma, dada yake Mwajuma. Aliyezaliwa mvua zinanyesha aliitwa Masika, na aliyekuja wakati mambo yamebana aliitwa Shida au Tabu. Ukitajiwa jina ulipata siku, majira na hali ya uchumi wa nyumba kwa pamoja. Mjukuu wa wazee hao hao anakuja dukani kwangu na mkataba wa nyumba, nyumba ya matofali yenye hati, na mkataba huo anauita "asdfg".

Wanafunzi wa vyuo ni kundi la peke yao. Kijana mmoja alileta tasnifu kwenye flashi, akaniambia niprinti "ile ya mwisho". Nikaandika "final" kwenye kisanduku, na kisanduku, kwa utii, kikamwaga: FINAL, FINAL 2, FINAL YA MSIMAMIZI, FINAL KWELI, FINAL KWELI KWELI, na HII SASA FINAL. Alitaka pia kuwe na moja inayoitwa HII NDIYO?, lakini Windows ilimkatalia. Alama ya kuuliza hairuhusiwi kwenye jina la faili, na kwa maoni yangu hiyo ni hekima, kwani jina likishakuwa swali hakuna wa kulijibu. Alichagua FINAL KWELI KWELI. Nikaprinti, nikatoa kopi, tukafunga jalada gumu la bluu lenye maandishi ya dhahabu. Alipofungua ukurasa wa kwanza kulifurahia, akakuta pembeni, kwa wino mwekundu wa kompyuta, maoni ya msimamizi wake: sura hii uliiandika ukiwa macho? Maoni kama hayo yalimfuata mpaka kwenye marejeo. Toleo safi lilikuwa lile lililoitwa FINAL 2, ambalo alilirudia na kulisafisha usiku wa mwisho, akalihifadhi kwa jina lake lile lile la zamani.

Kundi la pili ni la watu ambao hawakutoa jina kabisa; jina lilijitoa lenyewe. Ukiandika kwenye Word na kubonyeza kuhifadhi kwa mara ya kwanza, programu hukupendekezea jina kutokana na maneno ya kwanza ya waraka. Sasa jiulize nyaraka zetu nyingi zinaanza na maneno gani. Katika kompyuta ya ofisi moja niliyoitwa kuitazama nilikuta JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA, JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA 2, na kuendelea, mpaka kwenye tarakimu mbili. Mojawapo ilikuwa muhtasari wa kikao. Nyingine ilikuwa maombi ya likizo. Nyingine ilikuwa orodha ya wadaiwa wa chai. Mhusika alinitaka nimtafutie ile ya likizo, nami nikafungua jamhuri moja baada ya nyingine, kwa uangalifu na uzalendo.

Kuna tatizo jingine ambalo sijaliona likielezwa mahali, nalo linatuhusu sisi zaidi kuliko waliotengeneza mashine hizi. Mzee mmoja wa Pongwe alikuja akitafuta waraka wa kiwanja chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Andika kiwanja."

Nikaandika kiwanja. Hakuna. Akasema jaribu tena polepole. Nikaandika polepole, kwa kuwa ameniomba na ni mzee. Hakuna. Nikamuuliza ana kiwanja kimoja au zaidi. Akatazama nyuma kuhakikisha kwamba kijana aliyemsindikiza hasikii, akasema kwa sauti ya chini, "Vitatu." Nikaandika viwanja, na waraka ukaja hapo hapo, pamoja na sababu ya mzee kutembea na flashi yake mfukoni badala ya kuiacha nyumbani.

Mwingereza wingi wake kwa kawaida anauongeza mkiani, kwa hiyo akitafuta kimoja, vingi navyo vinakuja, kwa sababu mwanzo wa neno haujabadilika. Sisi wingi wetu unaingilia kichwani. Mkataba na mikataba, mchango na michango, kikao na vikao: kwetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa mashine ni watu wasiojuana. Dawa ipo. Weka kinyota mahali pa kichwa: *wanja, *kataba, *kao. Kinyota husimama badala ya herufi zozote, ziwe ngapi. Alama ya kuuliza, ile ile aliyonyimwa mwanafunzi, husimama badala ya herufi moja tu, na ndiyo sababu imekatazwa kwenye majina: ina kazi nyingine. Andika ?iwanja, upate kimoja na vitatu kwa pamoja. Ila ukifanya hivyo hakikisha kijana wa kusindikiza yuko nje.

Kabla sijawa na duka langu niliajiriwa kwenye duka la mtu, na kompyuta yetu ilikuwa na Windows XP, toleo la mwaka 2001. Wanaolikumbuka watakumbuka pia kwamba ukienda kutafuta faili alitokea mbwa. Mbwa wa katuni, wa njano, jina lake Rover, anakaa pembeni ya skrini akitikisa mkia wakati mashine inahangaika. Waliomweka bila shaka walidhani anafurahisha. Siku moja katibu wa msikiti, mzee wa makamo mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alikuja kutafuta barua ya kuomba mchango wa zulia.

"Huyo mbwa anafanya nini humo?"

"Anatutafutia faili, mzee."

"Faili la msikiti?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anaweza kubadilishwa. Na ni kweli, kulikuwa na sehemu ya kuchagua mhusika mwingine. Nikabofya, akatokea Merlin, mchawi mwenye kanzu ndefu na kofia iliyochongoka, akiwa tayari kuanza kazi. Mzee alimtazama mchawi. Akafikiri. Akasema, "Rudisha mbwa."

Toleo lililofuata, Vista, lilimwondoa mbwa na mchawi pia, na hakuna katika mtaa wetu aliyeulizia walikokwenda.

Ajabu ni kwamba mara nyingine jina linapatikana na bado mtu hana kitu. Katibu wa kamati ya harusi alikuja jioni na flashi, kamati nzima ikimsubiri ukumbini. Huyu alikuwa mtu wa mpangilio. Nilipomuuliza jina akalitaja lote bila kusita: Ahadi na Malipo Kamati ya Harusi. Nikaandika neno moja tu, likaja. Nikalibofya, likagoma. Kuangalia, pembeni ya alama yake kuna mshale mdogo uliopinda. Nikaangalia na ukubwa: kilobaiti mbili. Alichonakili hakikuwa faili. Kilikuwa njia ya mkato, kibao cha kuonyesha faili liliko, na faili lenyewe lilikuwa limetulia kwenye kompyuta ya nyumbani kwao Muheza. Katibu akapiga simu ukumbini kueleza. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia mwenyewe. Waliokwisha kulipa walilalamika. Waliokuwa na ahadi tu walimpa pole nyingi, wakasema haraka ya nini, mambo ya kompyuta hayo, afadhali kikao kiahirishwe.

Baada ya miaka ya kazi hii nimeacha kumuuliza mteja jina. Namuuliza lini. Jina alilitunga kwa sekunde moja akiwa na njaa, lakini siku anaijua: ilikuwa kabla ya Idi, ilikuwa wiki ya mitihani, ilikuwa kesho yake baada ya msiba wa shangazi. Basi nabadilisha folda ionyeshe orodha, nabofya kichwa cha safu ya tarehe ya mabadiliko, na mafaili yote yanajipanga kuanzia jipya mpaka la zamani. Kule juu kabisa, mara nyingi, ndiko "asdfg" anakokaa. Hata picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwenye simu ya Android, ambayo jina lake huonekana halina maana yoyote, ukilitazama vizuri limebeba IMG, kisha mwaka, mwezi na siku, kisha WA na namba. Imepewa jina la siku yake, kama Juma. Ukijua tarehe unaipata hata kama hujui kingine chochote.

Mbinu hii humshinda mtu mmoja tu: yule aliyefungua mafaili yake yote jana usiku, moja moja, akilitafuta hilo moja, na kila alipoulizwa kama anataka kuhifadhi mabadiliko akabofya ndiyo. Huyo tarehe zake zote ni za jana. Nikimpata wa hivyo namvutia kiti.

Kwa hiyo nakuomba, wewe ambaye kesho utakuwa mteja wangu: leo, faili likiwa bado wazi mbele yako, lipe jina ambalo mtu mwingine angeweza kulitafuta, uweke na mwaka. Angalia kama lina mshale kabla hujalitia kwenye flashi. Na kama yote hayo yamekushinda, njoo asubuhi, kwa sababu saa kumi na mbili jioni nafunga.