Hotuba ya Mtaalamu Mkuu wa Sera, Aliyejiteua Mwenyewe, Mwaloni Gitaza

Wazee wangu wenye mitumbwi, mama zangu mnaoanika ndagala mchangani, nanyi vijana mnaojifanya kungoja gari la Rumonge: kaeni. Mtaalamu amefika. Ni mimi, na shahidi wangu ni koti hili.

Mwaka 1988 Mmarekani Paul Sabatier aliandika kwamba sera haibadilishwi na waziri mmoja aliyeamka vibaya. Hubadilishwa na kambi: maofisa, watafiti, wafanyabiashara, hata waandishi wa habari, walioshikana kwa sababu wanaamini jambo moja. Kambi hizo huvutana miaka kumi na kuendelea. Imani ya moyoni haing'oki. Kinacholegea ni mambo ya pembeni: tundu la wavu, tarehe, faini. Nilikubaliana naye papo hapo, heshima ambayo siwapi wengi.

Tuje ziwani kwetu, Tanganyika. Tangu miaka ya 1950 meli za Wagiriki zilivua kutoka Bujumbura kwa nyavu za kuzungusha. Kambi hiyo haikushindwa kwa hoja yoyote. Miaka ya 1990 samaki walipungua, hesabu ikakataa, meli zikaondoka. Huko ndiko kujifunza: mwalimu alikuwa samaki, na hakudai posho.

Mwaka 1992 ukaanza utafiti wa FAO, kwa fedha za Finland, wa kuchunguza samaki wetu, ndagala na mukeke. Tarehe 12 Juni 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zikatia saini mkataba wa ziwa huko Dar es Salaam. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikapata makao Bujumbura. Kisha Tanzania ikafunga uvuvi upande wake, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kutoka utafiti hadi kufuli, miaka 32! Sabatier aliomba kumi tu. Tumemzidi mara tatu, na sioni kwa nini hatujapewa nishani.

Mwaka huohuo wa 2003 wanasayansi walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Hapo nadharia inang'aa: kila kambi hubeba habari inayoipendeza. Mvuvi atasema ni joto, ofisi itasema ni wavu, na wote wawili wana karatasi.

Mnauliza dawa. Mbalamwezi ikijaa, taa zenu hazivuti ndagala, nanyi hulala nyumbani. Basi serikali ipige marufuku uvuvi usiku huo. Itatiiwa na kila mtu, na ripoti itasema sera imefaulu.

Sabatier anamtaja pia dalali wa sera, mtu wa kati anayezipoza kambi. Hapa kazi hiyo iko wazi, na koti mmeshaliona.

Naona mama mmoja amenyoosha mkono. Anauliza ziwa likifungwa miezi mitatu watoto watakula nini, na mkopo wa ndagala atalipa kwa kitu gani. Mama, hilo ni jambo la pembeni, liko chini kabisa, pamoja na tundu la wavu. Wataalamu tutalifikia baada ya miaka kumi.

Maswali mengine yaletwe kwa maandishi. Asiyeandika nitamhesabu kuwa ameingia kambi yangu.