Kalenda ya Mama Chura

Korongo alipochoka kuchakura jalala la Dandora, na akiba ishatosha, alinunua ploti Huruma, ukingoni mwa Mto Mathare. Hatimiliki hakuwa nayo; alikuwa na cheti cha hisa chenye muhuri, na Eastlands muhuri ni mtu mzima. Akachimba msingi wa ghorofa mbili, akapandisha sita.

Kifaru wa ukaguzi alifika, akaukodolea macho ukuta, akauchora X kwa rangi nyekundu, akaenda zake. Maana ya X hakueleza, na mguu wake haukuonekana tena. Korongo akaifunika kwa bango: NYUMBA ZIPO.

Kazi ya kuonyesha vyumba alipewa Kunguru, ambaye huvaa shati jeupe hata siku za matope. Sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1984 inataka wakala asajiliwe, lakini Kunguru atakuapia kwamba yeye si wakala, ni jirani tu anayepewa shilingi 500 ya kufungua mlango.

Sungura, yule yule mnayemsifu kwa ujanja, alimtoa jasho kwa maswali. Maji? Jumanne na Alhamisi. Stima? Ya tokeni, kila mtu na mita yake. Kodi? Elfu nne, na amana ya mwezi mmoja. Choo? Cha ndani, ila mlango haufungi. Majibu yote yalikuwa kweli tupu. Habari za ukuta hazikuulizwa, basi hazikusemwa.

Chumbani walimkuta Mama Chura akifunga virago.

"Mbona wahama, mama?"

"Watoto wamepata shule Kayole, mwanangu."

Nyuma yake ilining'inia kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ya mwaka juzi. Sungura akaisifia picha ya Mlima Kenya. "Nakuachia," akasema Mama Chura, bila kumtazama.

Hakuwa na roho mbaya. Ukuta ule aliujua kuliko fundi aliyeujenga: Januari ufa ulimeza sarafu ya shilingi kumi, masika yalipoanza ukameza kiberiti kizima. Lakini kanuni ya Korongo ni kwamba amana hairudi mpaka chumba kipate mtu. Kwa hiyo shahidi pekee mwenye habari zote ndiye aliyehongwa anyamaze, tena kwa pesa zake mwenyewe. Hongo nafuu kama hiyo sijaisikia kwingine.

Na tusicheke sana. Ni Huruma hiyo hiyo ambako usiku wa Aprili 29, 2016, katika mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka kando ya mto na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshatajwa kuwa la kubomolewa, na vyumbani walikuwamo wapangaji.

Wiki ya pili Sungura aliishusha kalenda apigilie ya mwaka mpya. Alipoona kilichokuwa nyuma yake, akakimbia hadi baraza la kodi, kwa Bundi.

"Unalipa ngapi?"

"Elfu nne."

"Pole. Sheria yetu inamsikiliza mwenye kulipa 2,500 kushuka chini."

Sungura akauliza ni ghorofa gani Nairobi, yenye choo cha ndani, hupangishwa kwa bei hiyo. Bundi akasema hilo ni swali la mchana, naye hufanya kazi usiku.

Kalenda ikarudi ukutani.

Ndipo akatokea Ngiri, mwalimu mstaafu, na kiinua mgongo chake juu ya mkopo wa chama cha akiba. Alihesabu milango, akazidisha kwa elfu nne, akazidisha tena kwa miezi kumi na miwili, akatabasamu. Wakili wake aliulizia kwenye kampuni ya ardhi, akajibiwa cheti ni halali, hakina mgogoro. Hata hivyo Ngiri hakutaka kununua mbuzi guniani, akabisha kwa Sungura.

"Kijana, kuna shida yoyote hapa?"

Sungura akaitupia jicho kalenda. Korongo alikuwa ameahidi kwamba ploti ikiuzwa, kila mpangaji atarudishiwa amana yake.

"Hakuna, mzee. Labda maji tu, siku ya Jumatano."

Pesa zikalipwa. Korongo akaruka, mfuko wa shingoni umetuna, hajarudishia mtu senti. Ngiri alipolishusha bango aandike namba yake ya simu, akakutana na X. Alipanda ngazi mbio, akihema.

"Ulinidanganya!"

"Nilikuwa nangoja amana yangu, mzee. Nipe sasa hivi, nahama leo leo."

Ngiri akakaa kwenye ngazi, akapiga hesabu. Mwisho wa mwezi chama kingeanza kukata mkopo. Akashuka, akaagiza bango jingine, pana kuliko la kwanza.

"Amana yako utaipata," akasema, "ukiniletea mpangaji."

Jumamosi asubuhi Sungura alikuwa langoni kando ya Kunguru, shati limepigwa pasi, akimpokea Kanga na vifaranga vyake.

"Karibu, mama. Uliza lolote."